Senti Nne Zilizotusuta

 

Ndugu wasomaji, tuliahidi kuwa wiki hii tutaendelea na mada ya vijana wanaosubiri matokeo ya mitihani, na namna wazazi wanavyoweza kuwasaidia wasipoteze wakati wao. Ahadi hiyo tunaitimiza. Ila tutaitimiza kwa kukiri kosa letu wenyewe, kwa kuwa kosa hilo lilitendeka hadharani, na haki yake ni kukiriwa hadharani.

Msikiti wetu unaongeza ghorofa moja juu ya madrasa. Michango ya waumini huingizwa katika kompyuta ya ofisi, kwa programu tuliyotengenezewa kwa bei nafuu na fundi mmoja. Kila baada ya wiki mbili, sisi tulio katika ukatibu huchapa karatasi yenye jumla ya michango na kuibandika kwenye ubao wa matangazo. Sambamba na kompyuta hiyo, mweka hazina wetu, mzee aliyeishika kazi hiyo tangu sisi tukiwa watoto wa madrasa hiyo hiyo, huandika kila shilingi kwa mkono katika daftari lake.

Karatasi ya mwisho kabla ya tukio tunalolisimulia ilionyesha shilingi 42,610,000. Baada ya hapo tulifanya mchango maalumu wa nondo na saruji, zikapatikana shilingi 2,590,000. Ijumaa iliyofuata tulichapa karatasi mpya kwa haraka, tukaibandika bila kuitazama mara mbili, tukaenda kutawadha. Karatasi hiyo ilisema kuwa jumla ya michango tangu ujenzi uanze ni shilingi 2,250,327 na senti 4.

Wasomaji wetu wanaweza kukisia yaliyofuata. Swala ilipokwisha watu walijaa mbele ya ubao. Kuna aliyepiga picha ya karatasi na kuisambaza kwenye simu za waumini. Swali lilikuwa moja: zaidi ya milioni arobaini zimekwenda wapi? Na katika mji wowote, swali la fedha ya msikiti humwendea mtu mmoja kabla ya wengine wote. Mzee wetu alisema maneno machache tu: "Daftari hili hapa. Hesabuni." Kijana mmoja akamjibu kuwa daftari huandikwa na mkono wa mtu, lakini kompyuta haidanganyi. Mzee akaweka funguo za sanduku mbele yetu, akachukua bakora yake, akaondoka. Magharibi hakuonekana safu ya mbele. Isha hakuonekana. Kesho yake tulikwenda nyumbani kwake, mkewe akatupokea kwa heshima na kutuambia kuwa mzee amepumzika.

Tuliomba taarifa ya benki, nayo ilikuwa haitoki mpaka katikati ya wiki. Baina ya Ijumaa na Jumatano ni siku chache kwa anayesubiri karatasi, lakini ni nyingi sana kwa anayesubiri heshima yake irudi.

Hapa inabidi turudi nyuma kiasi cha mwezi mmoja. Baba mmoja wa jirani alitujia ofisini baada ya swala ya Isha akiwa na wasiwasi juu ya binti yake wa miaka kumi na tisa. "Ndugu Katibu," alisema, "mwanangu ana akili, lakini usiku kucha anaandika vitu nisivyovielewa. Wenzake wanajifunza kutengeneza kurasa za biashara, wengine wameanza kupata chochote. Yeye anasema anajifunza lugha ambayo hata walimu wake wa kompyuta wanaiita ya kizamani." Alituonyesha kurasa mbili za daftari la binti. Zilijaa herufi kubwa kama LDR, STR, ADD na CMP, na masanduku madogo yaliyochorwa kwa rula, kila sanduku likiwa na safu ya sifuri na moja.

Sisi, bila kumwita mwenyewe na kumsikiliza, tulimwambia baba yake amnasihi aache mambo hayo, ashike elimu yenye manufaa ya karibu. Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza. La pili mmeshalisikia.

Jumapili ya wiki ile ya fitina, baba huyo alirudi. Safari hii alifuatana na binti mwenyewe, aliyekuwa ameiona picha ya karatasi kwenye simu ya baba yake. Akatusalimu, kisha akauliza swali ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria: "Katibu, ni nani aliyechangia senti nne?"

Tulitazamana. Senti zimetoweka mifukoni mwa watu miaka mingi. Hakuna muumini aliyetia senti katika sanduku letu, na hakuna stakabadhi yenye senti. Ikiwa kila mchango uliingizwa kwa shilingi kamili, jumla yake inawezaje kuwa na senti nne juu yake? Mwizi angeiba shilingi, asingetuachia mabaki ya namna hiyo. Basi hesabu ile haikuguswa na mkono wa mtu. Imeharibika ndani ya mashine.

Akaomba aone orodha ya michango, mmoja mmoja, si jumla. Yote ilikuwamo ndani ya kompyuta, hakuna hata mmoja uliopungua. Tukaijumlisha kwa vikokotoo vya simu, wazee wawili wakihakiki. Ikatoka shilingi 45,200,000, sawasawa na daftari la mzee. Binti akatoa katika hesabu hiyo ile iliyochapwa, ikabaki tofauti ya shilingi 42,949,672 na senti 96. Kisha akageuza upande wa pili wa karatasi, akaandika 2, akaizidisha kwa 2 ikawa 4, kisha 8, kisha 16, akaendelea hivyo mpaka zikatimia mbili thelathini na mbili zilizozidishwa pamoja. Mwisho akapata 4,294,967,296. Ziandikeni kama senti, alisema, mtaona ni tofauti ile ile.

Kwetu sisi zilikuwa tarakimu tu. Kwake yeye lilikuwa jina analolifahamu, kama mtu anavyomtambua jirani kwa mwendo wake kabla ya kuuona uso. Alilijua kwa sababu kila usiku alikuwa akichora masanduku yenye nafasi thelathini na mbili.

Tumeona ni wajibu kuwaeleza wasomaji, kwa kadiri tulivyofahamu, elimu hiyo ni ipi.

Kila kompyuta, na kila simu iliyo mfukoni mwetu, ina kitu kiitwacho prosesa. Hicho ndicho kinachofanya kazi yenyewe. Prosesa haijui Kiswahili, haijui Kiingereza, wala haijui picha au sauti. Inajua namba tu, tena namba zilizoandikwa kwa alama mbili, sifuri na moja. Ndani yake kuna vyumba vichache vya kushikia namba wakati wa kazi, navyo huitwa rejista. Katika aina ya prosesa aliyokuwa akiisoma binti huyu, iitwayo ARM, ya biti 32, rejista hizo ni kumi na sita. ARM ya kwanza, iliyobuniwa huko Cambridge, Uingereza, ilianza kufanya kazi mwaka 1985, na leo wazawa wa ubunifu huo ndio walio katika simu nyingi sana duniani.

Nje ya rejista kuna kumbukumbu, ambayo ni kama rafu ndefu yenye visanduku vingi, kila kimoja kikiwa na namba ya anuani yake. Prosesa haiwezi kujumlisha vitu vikiwa rafuni. Ni lazima ivilete katika rejista, ivijumlishe huko, kisha irudishe jawabu rafuni. Ndiyo maana ya zile herufi tulizoziona daftarini: LDR ni leta kutoka kwenye kumbukumbu, STR ni rudisha, ADD ni jumlisha, CMP ni linganisha. Kila neno ni agizo moja, na kila agizo ni tendo moja dogo la mashine. Lugha ya maagizo hayo ndiyo iitwayo asembli.

Rejista moja kati ya zile kumi na sita ina kazi ya pekee. Inashika anuani inayoonyesha prosesa imefika wapi katika maagizo. Tuliposikia hivyo tuliwakumbuka watoto wetu wa chuoni wanaposoma juzuu, kijiti mkononi, kikipita juu ya kila neno. Prosesa huleta agizo, hulifahamu, hulitekeleza, kisha kijiti husogea mbele. Pakiwa na agizo la kuruka, kijiti hurudishwa nyuma na mistari ile ile husomwa tena, mpaka sharti fulani litimie. Hivyo tu. Yote tunayoyaona katika kioo, ramani, hesabu za benki, saa za swala, ni kijiti hicho kikitembea kwa kasi isiyohesabika kwa jicho.

Sasa nini kilitokea kwa michango yetu? Binti aliomba tasbihi. Hakutaka ya shanga, alitaka ile ya kubonyeza, yenye tarakimu nne, ambayo wengi wetu tunayo mifukoni. Aliizungusha mpaka ikasoma 9999, akaibonyeza mara moja zaidi. Ikasoma 0000. "Mtu aliyesabihi mara elfu kumi mia nne hamsini na mbili," alisema, "akiitazama tasbihi hii ataona 0452. Je, amesabihi kidogo?"

Rejista ya nafasi 32 nayo ni tasbihi ya namna hiyo. Nafasi moja hubeba namba mbili tu, sifuri au moja. Nafasi mbili hubeba namba nne, nafasi nane hubeba namba 256, na nafasi 32 hubeba namba 4,294,967,296, kuanzia sifuri. Ikifika mwisho, inaanza upya. Fundi wetu alikuwa amepanga fedha ihifadhiwe kwa senti, na hilo si kosa, kwani namba kamili ni salama zaidi kuliko zenye desimali. Lakini chumba alichokiweka kwa ajili ya jumla kilikuwa cha nafasi 32. Kwa hiyo kilikuwa na uwezo wa kubeba shilingi 42,949,672 na senti 95, na si senti moja zaidi. Karatasi yetu ya mwisho, ile ya shilingi 42,610,000, ilikuwa imeukaribia ukingo. Mchango wa nondo na saruji ukauvusha.

Mzee mmoja wa kamati akauliza kwa uchungu: "Na hiyo mashine haikuweza kusema kuwa imejaa?" Jawabu la binti ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Alisema prosesa hujua. Inapojumlisha na jawabu likazidi nafasi, ina bendera ndogo ya kuinua, kama mwanafunzi anayesema "moja mkononi" na hana safu ya kuliweka. Lakini katika asembli ya ARM, agizo ADD hujumlisha bila kugusa bendera. Ukitaka bendera iguswe ni lazima uandike ADDS, yaani uongeze herufi moja. Na hata bendera ikiinuka, mashine haitasimama. Ni lazima aliyeandika programu aongeze agizo jingine la kuitazama. Asipofanya hivyo, kazi inaendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

Wanaojua lugha ya Kiarabu hawatashangaa. Shadda moja hugeuza maana ya neno zima, na asiyesoma sarufi ataipita bila kuiona. Wanaoandika programu kwa lugha za juu, zile zinazofanana kidogo na maneno ya watu, hawazioni herufi hizo kabisa. Kuna programu nyingine inayowatafsiria kazi yao kuwa maagizo ya mashine. Jambo hilo ni neema, kwani bila hivyo kazi ya saa moja ingechukua mwezi. Lakini anayeishia hapo ni kama msomaji aliyehifadhi bila kujua makhraji ya herufi. Siku ambayo sauti imekosewa, hajui palipokosewa.

Kwa hiyo ule usemi kuwa kompyuta haidanganyi, ambao ulitumika kumvunjia mzee wetu heshima, si wa kweli kwa maana waliyoikusudia. Kudanganya au kusema kweli ni sifa za mwenye dhamana, na mashine haina dhamana. Inatekeleza ilichoagizwa. Dhamana ilikuwa juu ya fundi aliyechagua chumba kidogo, na juu yetu sisi tuliobandika karatasi bila kuhakikisha. Suratul Hujurat, ambayo wengi wetu tunaihifadhi, imetuagiza kuhakikisha taarifa kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua, na imetuonya juu ya dhana. Hatudhani kuwa agizo hilo limewekewa mpaka kwa taarifa zinazotoka vinywani na kuziacha zinazotoka kwenye mashine ya kuchapa.

Kosa la namna hii halikuanzia kwetu. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa. Programu yake ilijaribu kuitia namba kubwa katika nafasi 16, ambazo kwa hesabu zenye hasi na chanya hazibebi zaidi ya 32,767. Namba haikuenea. Kiasi cha sekunde arobaini baada ya kuruka, roketi ikaharibika angani pamoja na mitambo yote iliyobeba. Na mbele yetu ipo tarehe nyingine. Kompyuta nyingi za zamani huhesabu wakati kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, katika chumba cha nafasi 32 chenye hasi na chanya. Chumba hicho kitajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi kwa saa zetu. Vijana wanaosoma leo ndio watakaokuwa wakubwa wa kazi siku hiyo.

Baadhi ya wasomaji watauliza: elimu hii ina uhusiano gani na sisi? Jawabu ni kwamba tulikuwa nayo mwanzoni. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika zama za Khalifa al-Ma'mun, ndiye ambaye jina lake, likipitia Kilatini, limekuwa neno "algorithimu", yaani mpango wa hatua kwa hatua wa kufikia jawabu. Kitabu chake cha al-jabr kina sehemu kubwa kuhusu mirathi na wasia, kwa sababu alitaka kila mrithi apate haki yake. Imam al-Ghazali, katika Ihya, aliihesabu elimu ya hesabu kuwa miongoni mwa faradhi za kutoshelezana, sawa na tiba, kwa kuwa miamala na mirathi haviendi bila hiyo. Umma ukiikosa kabisa, dhambi ni ya wote.

Na lipo jambo la ajabu zaidi. Binti alipoulizwa dawa ya programu yetu, alisema ni kukipanua chumba kutoka nafasi 32 hadi nafasi 64. Namba kubwa kuliko zote inayoenea humo ni 18,446,744,073,709,551,615. Namba hiyo hiyo ilikokotolewa na Abu Rayhan al-Biruni takriban mwaka 1000, alipojumlisha punje za nafaka zinazowekwa kwenye ubao wa sataranji, moja katika mraba wa kwanza na kuongezwa maradufu katika kila mraba mpaka wa sitini na nne. Alipata hesabu hiyo kwa kalamu. Leo imo ndani ya kompyuta za watoto wetu kama ukomo wa rejista, na wengi wao hawajui kuwa Mwislamu aliifikia kabla yao.

Fundi alikuja Jumatatu. Hakubisha, alifanya marekebisho kwa mchana mmoja, na tunamshukuru. Jumatano taarifa ya benki ilifika, ikalingana na daftari pamoja na stakabadhi za mabati na saruji. Lakini tunaamini kuwa taarifa ya benki peke yake isingetosha. Ingethibitisha kuwa fedha ipo, na mnong'ono ungebaki: basi kwa nini kompyuta ilisema vile? Mnong'ono wa namna hiyo huishi kuliko mtu. Uliokatwa mzizi wake ni kwa sababu palikuwa na mmoja katika mtaa wetu aliyeweza kueleza, hatua kwa hatua, kilichotokea ndani ya mashine.

Ijumaa iliyofuata tulisimama mbele ya waumini baada ya swala, tukakiri kuwa kosa la karatasi ni letu, na tukamwomba mzee radhi kwa jina la kamati. Alikuwapo. Alitusamehe. Hata hivyo hatutaficha kuwa alikataa kuzipokea funguo peke yake. Sasa sanduku lina kufuli mbili na watu wawili, na daftari lake linasomwa pamoja na kompyuta kabla karatasi yoyote haijabandikwa. Ametuambia kuwa utaratibu huo ungekuwapo tangu zamani, tusingemwona hana pa kuweka uso kwa siku tano. Yule kijana wa "kompyuta haidanganyi" alimwendea nyumbani usiku. Waliyozungumza ni yao.

Sasa tuwageukie wazazi, kama tulivyoahidi.

Kwanza, mtoto anapoipenda elimu msiyoifahamu, mwombeni awafundishe kwa robo saa kabla ya kumkataza. Baba wa binti huyu alitwambia kuwa mwezi mzima alibishana naye bila kumuuliza hata mara moja masanduku yale ni ya nini. Sisi tulifanya hivyo hivyo kwa kikao kimoja.

Pili, elimu hii haihitaji fedha nyingi. Binti huyu alitumia kompyuta kuukuu aliyoachiwa na mjomba wake, daftari, rula, na programu ya bure inayoiga prosesa ya ARM, ambamo unaweza kupitisha agizo moja moja na kutazama kila rejista inavyobadilika. Ipo pia aina ya maagizo iitwayo RISC-V, iliyoanzishwa mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambayo haitozwi ada kwa anayetaka kuisoma au kuitumia. Mtaalamu mmoja wa chuo hicho, David Patterson, ameandika pamoja na John Hennessy kitabu cha muundo wa kompyuta kinachofundisha mashine kwa kupitia maagizo yake, na vyuo vingi duniani vinakitumia.

Tatu, afuate mpangilio. Aanze na kuhesabu kwa sifuri na moja mpaka aweze bila karatasi. Kisha achore rejista na kumbukumbu, aandike programu ya mistari minne ya kujumlisha namba mbili, na aitekeleze kwa penseli yeye mwenyewe kabla ya kuipa mashine. Kisha ajifunze kulinganisha na kuruka, maana hapo ndipo marudio yanapozaliwa. Baadaye aingie katika rundo, ambalo ni kama sahani za walima zilizopangwa, ya mwisho kuwekwa ndiyo ya kwanza kuchukuliwa. Mwisho aandike programu kwa lugha ya juu na atazame imetafsiriwa kuwa maagizo gani. Mwenye subira ya miezi michache, saa moja kwa siku, atafika.

Nne, hatusemi kuwa kila kijana aishi katika asembli. Binti mwenyewe alisema kuwa kazi nyingi za kila siku ataziandika kwa lugha za juu, na baba yake hakukosea kutaka mwanawe apate riziki. Tunachosema ni kuwa msingi si upotevu wa wakati, hata kama hauonekani nyumba ikishasimama.

Tano, wasichana wasitengwe. Miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuandika lugha ya asembli, mwaka 1947, ni mwanamke wa Uingereza aitwaye Kathleen Booth. Na katika mtaa wetu aliyeiokoa heshima ya mzee wa miaka sabini ni binti aliyeambiwa na katibu wa msikiti aache mchezo.

Kamati imeamua kuwa, inshaallah, chumba kimoja cha ghorofa mpya kitakuwa cha kompyuta kwa vijana wa kike na wa kiume, kwa zamu tofauti, baada ya masomo ya dini. Binti ameombwa aanze kufundisha kabla hajaenda chuoni. Alikubali kwa sharti moja, kwamba somo la kwanza lifanyike kwa tasbihi, kompyuta zikiwa zimezimwa.

Tunamwomba Allah atupe elimu yenye manufaa, atulinde na dhana mbaya, na awalipe kheri wanaotunza amana za watu, kwa kalamu au kwa mashine. Wabillahi tawfiq.